Kura 107 za Springfield: jinsi haki sawa ilivyokwama Illinois

Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Mrs. America kuna ofisi moja ya Washington iliyojaa wanaume wenye suti. Phyllis Schlafly, mwanamke ambaye baadaye aliongoza upinzani dhidi ya haki sawa, ameketi kati yao. Mambo ya makombora ya nyuklia na mikataba ya silaha anayajua kuliko wengi wao, maana ameyasoma na kuyaandikia vitabu kwa miaka. Mmoja wao anamgeukia kwa tabasamu, anamwomba achukue karatasi na kalamu aandike kumbukumbu za kikao. Shangazi yangu, ambaye nilikuwa nikitazama naye sebuleni kwake, alinyakua rimoti akasimamisha picha.

"Hapo hapo," akasema. "Mama huyu alipaswa kutoka mle chumbani akiwa mwanaharakati. Mbona akaenda upande wa pili?"

Swali hilo lilitufuata katika sehemu zote 9. Tamthilia inalijibu vizuri, na Cate Blanchett anamwigiza Schlafly kwa namna inayokufanya umwelewe hata pale unapotaka kumpigia kelele. Lakini tulipomaliza nilibaki na swali jingine ambalo picha ililigusa juu juu tu. Kura za maoni za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba Wamarekani walio wengi wanataka haki sawa iandikwe katika katiba yao. Vyama vyote viwili vikubwa viliunga mkono. Marais waliunga mkono. Sasa jambo linalotakiwa na wengi namna hiyo linashindwaje? Nimelitafuta jibu katika jimbo moja, Illinois, kwa sababu huko ndiko Schlafly alikokaa na huko ndiko hesabu ilikogoma. Nikikielewa kisa cha Illinois, naona nimeelewa sehemu kubwa ya kisa kizima.

Kwanza tujue walikuwa wakigombania nini. Mwaka 1923, miaka 3 baada ya wanawake wa Marekani kupata kura, mwanaharakati Alice Paul alipeleka Kongresi pendekezo la kuongeza kifungu kifupi katika katiba. Maneno yake yalirekebishwa mwaka 1943, na kwa Kiswahili yanasomeka hivi: usawa wa haki mbele ya sheria hautanyimwa wala kupunguzwa na Marekani au na jimbo lolote kwa sababu ya jinsia. Basi. Sentensi moja na vifungu viwili vya utekelezaji. Ilikaa bungeni karibu miaka 50. Kwa muda mrefu hata watetezi wa wafanyakazi waliipinga, Eleanor Roosevelt akiwa mmoja wao, kwa hofu kwamba ingefuta sheria zilizowalinda wanawake viwandani dhidi ya saa nyingi na mizigo mizito. Na Emanuel Celler wa New York, mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi, aliifungia kabatini kwa zaidi ya miaka 20. Aliyeichomoa ni Martha Griffiths wa Michigan, mwaka 1970, kwa kukusanya saini za wabunge wenzake mmoja mmoja hadi kamati ikalazimika kuiachia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Oktoba 1971 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 354 dhidi ya 24. Tarehe 22 Machi 1972 Seneti ikapitisha kwa 84 dhidi ya 8, na Hawaii ikaridhia siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni majimbo. Katiba ya Marekani inataka robo tatu ya majimbo yaridhie, yaani 38 kati ya 50, na Kongresi ilitoa miaka 7. Mwaka 1972 haujaisha, majimbo 22 yalikuwa yamesharidhia. Mwaka uliofuata yakafika 30. Yalikuwa yanadaiwa 8 tu, na miaka zaidi ya 5 bado ipo mkononi. Katika tamthilia unawaona akina Gloria Steinem na Bella Abzug, viongozi wa harakati za wanawake, wakiwa tayari wanawaza vita vijavyo, kwa sababu hii waliihesabu imeshakwisha. Siwalaumu. Ningekuwepo ningewaza hivyo hivyo.

Shangazi ni mwalimu mstaafu, na kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwao. Nilipomtajia hizo 30 kati ya 38 alitikisa kichwa. "Nane za mwisho ndizo za wale wasiotaka kulipa," akasema. Ndivyo ilivyokuwa. Majimbo mepesi yalitangulia, yakabaki ya Kusini, Utah, Arizona, Nevada, na Illinois. Katika orodha hiyo Illinois peke yake ndiyo iliyokuwa jimbo kubwa la viwanda la Kaskazini, jimbo la Chicago, lenye vyama vya wafanyakazi na vyuo vikuu. Kila mtu aliyekuwa akihesabu alikuwa ameshaitia kapuni.

Sasa mwangalie Schlafly. Aliishi Alton, mji mdogo kando ya mto Mississippi, na mumewe Fred ambaye alikuwa wakili, na watoto wao 6. Aligombea ubunge wa Kongresi mwaka 1952 akashindwa, akagombea tena mwaka 1970 akashindwa. Katikati, mwaka 1967, aligombea uenyekiti wa shirikisho la wanawake wa chama cha Republican, na wakubwa wa chama walihakikisha hapati. Alitoka na kitu kimoja chenye thamani kuliko cheo: maelfu ya wanawake waliomfuata. Akaanza kuwatumia jarida la kila mwezi. Februari 1972 jarida hilo likaandika kwa mara ya kwanza dhidi ya haki sawa, na mwaka huo huo akaanzisha kundi lake la kuipinga. Alilipa jina STOP ERA, ambapo ERA ni kifupi cha Kiingereza cha marekebisho ya haki sawa, na alieleza kwamba neno la kwanza, STOP, ni kifupi cha kudai wasinyang'anywe upendeleo walio nao.

Nadhani jibu la swali la shangazi liko hapa. Schlafly alitaka kusikilizwa kuhusu silaha na vita baridi, na wanaume wa chama chake walimpa karatasi aandike kumbukumbu. Alipozungumza kuhusu jiko na watoto, wakamsikiliza. Alikuwa na akili kubwa na jeshi tayari, akakosa tu uwanja ambao wangemruhusu kupigania. Akauchukua ule uliokuwa wazi.

Makao makuu ya Illinois ni Springfield, mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa gari kutoka Alton. Tamthilia inawaonyesha wanawake wake wakiingia katika jengo la bunge na mikate waliyooka wenyewe, wakiigawa kwa wabunge. Hilo lilitokea kweli. Mikate ilikuja na vikadi vilivyosema inatoka kwa waokao mkate kwenda kwa waletao riziki, na siku nyingine walileta jemu na pai za matufaha. Wanaharakati wa upande wa pili walicheka. Shangazi hakucheka hata kidogo. Aliitazama ile foleni ya akina mama wenye mikate mikononi, kisha akasema, "Huyu mama anajua kuhesabu."

Sikumwelewa mpaka nilipozisoma kanuni za bunge lile.

Katiba mpya ya Illinois ya mwaka 1970 ilisema marekebisho ya katiba ya taifa yaridhiwe kwa sehemu tatu kwa tano ya wabunge wote waliochaguliwa, katika kila baraza. Majimbo karibu yote mengine yalihitaji kura nyingi za kawaida tu. Baraza la Wawakilishi la Illinois lilikuwa na wabunge 177 wakati huo, kwa hiyo kura za kawaida zingekuwa 89, lakini sehemu tatu kwa tano ni 107. Seneti ya jimbo ilikuwa na watu 59: badala ya 30, zilihitajika 36. Wabunge wanaounga mkono walikwenda mahakamani. Mwaka 1975 jopo la majaji wa shirikisho, uamuzi wake ukiandikwa na John Paul Stevens ambaye mwaka huo huo aliteuliwa Mahakama ya Juu, lilisema katiba ya jimbo haiwezi kulifunga bunge katika jambo hili, lakini bunge lenyewe lina uhuru wa kujiwekea kiwango. Nalo bunge lilikuwa limeshajiwekea kile kile cha sehemu tatu kwa tano. Wanaounga mkono wakashinda hoja, wakabaki na 107 yao.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, maana namba hii ndiyo kisa chote. Ukihitaji 107 kati ya 177, anayekupinga anahitaji 71 tu. Tena 71 hao hawahitaji kupiga kura ya hapana. Aliyekaa kimya anamsaidia. Aliyetoka kwenda kuvuta sigara anamsaidia. Aliyesema nipo lakini sipigi kura, naye yumo. Mbunge mwoga asiyetaka kumuudhi mkewe wala mwenyekiti wa chama ana njia nyepesi ya kutoweka bila kuandikwa popote kwamba alikataa usawa. Wanaotaka mabadiliko wanapaswa kumshika kila mmoja mkono na kumkalisha kitini. Anayepinga anatakiwa tu kumpa mtu sababu ndogo ya kusita. Na mkate wa moto kutoka kwa mama anayefanana na mama yako ni sababu tosha ya kusita.

Msomaji wa Kenya ataitambua hali hii mara moja. Mswada wa theluthi mbili za jinsia, uliotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, ulifika bungeni Nairobi zaidi ya mara moja baada ya katiba ya 2010, ukihitaji kura 233, na mara moja ulikwama kwa sababu waheshimiwa waliokuwa ukumbini hawakutosha hata kupiga kura. Viti vitupu viliuangusha.

Kwa miaka 10 Illinois ilizunguka pale pale. Mara Baraza la Wawakilishi linaridhia na Seneti inakataa, mara kinyume chake, mara nyingi zaidi waliosema ndiyo ni wengi kuliko waliosema hapana na bado pendekezo linaanguka. Juni 1980 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura: 102 ndiyo, 71 hapana. Kwa macho ya mtu yeyote wa kawaida huo ni ushindi mkubwa. Zilipungua 5.

Tamthilia haikai sana na namba hizi, na naelewa kwa nini: kanuni za kikao hazina sura ya kuigiza. Lakini ukizitoa, kinachobaki ni wanawake wawili wanagombana, Schlafly na Steinem, kana kwamba taifa liligawanyika katikati baina yao. Steinem mwenyewe na Eleanor Smeal, aliyekuwa rais wa shirika la wanawake la NOW katika miaka ile, waliandika mwaka 2020 kuilaumu tamthilia kwa jambo hilo. Hoja yao ni kwamba Schlafly alipewa ukubwa usio wake, na kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na kampuni za bima zilizokuwa zikiwatoza wanawake bei tofauti na wanaume na zisizotaka kupoteza faida hiyo, pamoja na wabunge waliokuwa na masilahi yao. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba waliopiga kura Springfield karibu wote walikuwa wanaume, na tamthilia inawapa hao nafasi ndogo mno, nyuso mbili tatu zinazotabasamu na mkate mkononi. Lakini mtu anayeangusha jambo zito hahitaji kuwa na nguvu kuliko wote. Anahitaji kujua sehemu dhaifu ilipo, na Schlafly aliijua.

Sehemu nyingine dhaifu ilikuwa ndani ya nyumba. Schlafly alikuwa akifungua hotuba zake kwa kumshukuru mumewe kwa kumruhusu kuja, akijua wazi kwamba maneno hayo yatawachoma wanaharakati. Kisha anakwenda kwenye hofu. Mabinti wenu wataandikishwa jeshini kwa lazima na kupelekwa vitani, na hii ilikuwa Marekani ya Vietnam, ambako majeneza yalikuwa bado yanarudi. Mtachangia vyoo na wanaume. Na kubwa kuliko yote: mume hatalazimika tena kukutunza. Umemzalia, umempikia miaka 25, hujawahi kuajiriwa, na kesho akikuacha sheria itasema mko sawa, kila mtu ajitafutie.

Wanaharakati walilijibu hilo kwa hoja za sheria, na kisheria walikuwa sahihi kabisa. Nitatoa mfano mmoja ambao tamthilia haina, na ambao mimi ningeuweka katikati ya sehemu ya pili. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Nebraska iliamua kesi ya McGuire. Mke alikuwa ameishi na mumewe mkulima zaidi ya miaka 30. Mume alikuwa na mali, mashamba na akiba, lakini alikuwa bahili wa kupindukia. Nyumba haikuwa hata na bafu la ndani, na mama yule aliuza kuku na mayai kununua mahitaji. Akaenda mahakamani kudai matunzo. Mahakama ikasema maadamu wanaishi pamoja, kiwango cha maisha ya nyumba yao ni jambo lao wenyewe, si la jaji. Yaani ule upendeleo ambao Schlafly aliwaambia wanawake waulinde, haki ya kutunzwa na mume, katika ndoa iliyo hai haukuweza kudaiwa. Ulikuwa hisani ya mume. Na Nebraska hiyo hiyo, iliyoridhia mapema mwaka 1972, ilikuwa ya kwanza kugeuka na kufuta uridhiaji wake mwaka 1973.

Nilimsimulia shangazi kisa cha mama McGuire nikidhani nimemaliza mjadala. Yeye akanisimulia cha kwake. Miaka ya 1990 chama chao kiliamua kuwahimiza wanachama waandikwe majina kwenye hati za viwanja pamoja na waume zao. Mwanachama mmoja, mwenye bidii kuliko wote, alikataa kabisa. Walimbembeleza, walimletea karani wa ardhi awaeleze, wapi. Mwishowe akamwambia shangazi wakiwa wawili tu: jina langu likiingia pale, atasema basi nami nilipe nusu ya karo, na mimi nusu hiyo nitaitoa wapi?

"Alikuwa anaijua nyumba yake," shangazi akasema. "Sisi tulimjibu habari za hati. Yeye aliuliza habari za karo."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mwanamke wa Illinois wa mwaka 1974 mwenye umri wa miaka 50 hakuwa mjinga kuamini Schlafly. Sheria za talaka zilikuwa zikibadilika kila mahali, wanaume walikuwa wakiondoka kwa urahisi zaidi, na kazi alizoweza kupata yeye zilikuwa za mshahara mdogo. Mkataba aliousaini akiwa na miaka 20 ulikuwa unavunjwa mbele ya macho yake, na mtu pekee aliyesema waziwazi "nakuona, unaogopa, na una haki ya kuogopa" alikuwa Schlafly. Hofu ilikuwa ya kweli hata kama dawa aliyouziwa ilikuwa tupu. Harakati zilikuwa na majibu: zilitaka kazi za nyumbani zihesabiwe katika pensheni, zilitaka mwanamke apate mkopo bila saini ya mume, jambo ambalo Kongresi ililipitisha mwaka 1974. Lakini majibu hayo yalifika jikoni yakiwa yamechelewa, na mara nyingi yalibebwa na wanawake wenye digrii ambao hawakufanana na aliyekuwa akiyasubiri.

Ndiyo maana nampenda Alice Macray, mhusika anayeigizwa na Sarah Paulson. Ni wa kubuni, hakuwahi kuwepo, na wapo waliokasirika kwamba sehemu nzima ya mkutano wa taifa wa wanawake wa Houston imepewa mtu asiye wa kweli. Mimi naona ndiye aliye karibu zaidi na yule mwanachama wa shangazi. Anakwenda Houston akiwa na uhakika, anawasikiliza wanawake ambao alifundishwa kuwaogopa, na anarudi akiwa hajageuka mwanaharakati ila hawezi tena kusema aliyokuwa akisema.

Houston yenyewe, Novemba 1977, ilikuwa jambo kubwa kweli. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1975 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake na kuwakutanisha Mexico; Kongresi ya Marekani ikatoa dola milioni 5 wanawake wa kila jimbo wakutane na kuandaa mpango wa taifa. Mwenge ulikimbizwa kutoka Seneca Falls, New York, hadi Texas. Wajumbe wapatao 2,000, wake watatu wa marais jukwaani, Bella Abzug na kofia yake akiongoza, hoja 26 zikapigiwa kura. Upande wa pili wa mji, siku hizo hizo, Schlafly aliujaza ukumbi mwingine kwa maelfu ya watu wake waliokuja kwa mabasi.

Shangazi aliitazama sehemu hiyo kwa namna yake, kwa sababu mlolongo ule ule ulioanzia Mexico ulipita Copenhagen mwaka 1980 ukafika Nairobi Julai 1985, na yeye alikuwepo. Serikali zilikutana Jumba la Kenyatta. Wanawake wa mashirika na wasio na mashirika walijaa Chuo Kikuu, wakikaa majanini vikundi vikundi wakibishana. Anachokumbuka ni kwamba kila mti ulikuwa na kikao chake, na kwamba hakuna aliyeuliza una cheo gani. Aliporudi kijijini akatafuta wanawake 12, chama kikaanza.

Na hilo ndilo lililonifanya niione Houston kwa jicho la Springfield. Jimbo la mwisho kuridhia, Indiana, liliridhia Januari 1977, miezi 10 kabla ya mkutano. Likawa la 35. Baada ya Houston, pamoja na wimbo, mwenge na kamera zote zile, halikuongezeka jimbo hata moja kwa miaka 40. Mkutano uliwapa wanawake wa taifa lile kitu ambacho naamini hakipimiki kwa kura. Lakini wabunge waliokuwa wakisita Springfield walipewa pia kitu: picha ya wanawake wanaotaka mambo mengi zaidi ya ile sentensi moja, yakiwemo haki za mashoga na utoaji mimba, na Schlafly akahakikisha picha hiyo inamfikia kila mmoja.

Kilichofuata ni miaka ya kuhangaika. Mwaka 1978 Kongresi iliongeza muda hadi tarehe 30 Juni 1982. Kufikia mwaka 1979 majimbo mengine manne yalikuwa yamefuata njia ya Nebraska na kusema yamefuta uridhiaji wao. Wanaharakati wakasusia majimbo yaliyokataa, mikutano mikubwa ikahamishwa kutoka Chicago, hoteli zikalia, na jimbo la Missouri likashtaki NOW mahakamani likashindwa. Mbinu ile iliwaumiza wafanyabiashara wa Chicago, ambao wabunge wao tayari walikuwa wakisema ndiyo kwa wingi. Wabunge wa miji midogo ya kusini mwa jimbo haikuwagusa. Mwaka 1980 mwanachama mmoja wa kujitolea alimwandikia mbunge kwenye kadi kwamba atasaidiwa dola 1,000 za kampeni kwa kura yake, akashtakiwa kwa hongo na kupatikana na hatia. Na mwaka huo huo chama cha Republican, kilichounga mkono haki sawa katika ilani zake tangu 1940, kikaiondoa.

Mei 1982 wanawake 7, Sonia Johnson akiwa mmoja wao, walianza mgomo wa kula Springfield. Walikaa siku 37 wakiletwa ndani ya jengo la bunge, wengine hatimaye kwa viti vya magurudumu. Sehemu hii inaniuma kuliko zote. Naheshimu miili ile iliyotolewa sadaka, na nafikiri kuna wabunge waliokwisha jifunza kupita kando ya mikate na kando ya wenye njaa kwa uso ule ule. Bunge lilikataa tena mwezi Juni, na tarehe 30 ikapita na majimbo 35.

Kushindwa huko kuliacha deni mahakamani. Mwaka 1973, katika kesi ya Frontiero, majaji 4 wa Mahakama ya Juu walikuwa tayari kuufanya ubaguzi wa jinsia upimwe kwa kipimo kikali kama ule wa rangi. Walihitaji mmoja zaidi. Jaji Powell alisema tusubiri, marekebisho ya haki sawa yako kwa majimbo, yaachwe yaamue. Majimbo hayakuamua, na kipimo kile hakijafikiwa hadi leo. Mahakama ilijenga kingine cha katikati. Ruth Bader Ginsburg, aliyekuwa wakili katika mapambano hayo, alitumia miaka kuujenga usawa kesi kwa kesi, tofali kwa tofali, kazi ambayo sentensi ya Alice Paul ingeifanya kwa mkupuo.

Tamthilia inaishia mwaka 1980. Schlafly ameshinda vita vyake, amepata shahada ya sheria mwaka 1978 akiwa na zaidi ya miaka 50, na anasubiri simu ya Ronald Reagan aliyemsaidia kuingia madarakani. Simu inakuja, inamshukuru, haimpi wizara. Anakwenda jikoni, anaketi mezani, anaanza kumenya matufaha kwa ajili ya pai ya jioni, na kamera haimwachi. Ni tendo la kawaida kabisa na lilinibana kifua. Chumba kile cha sehemu ya kwanza kilikuwa bado kimefungwa.

Illinois iliridhia tarehe 30 Mei 2018, baada ya Nevada mwaka 2017 na kabla ya Virginia mwaka 2020, hivyo 38 zimetimia, lakini zimetimia baada ya muda uliowekwa. Januari 2025 Rais Biden alisema yeye anaona marekebisho yameshakuwa sehemu ya katiba. Mtunza nyaraka wa taifa hakuyachapisha. Schlafly alikuwa amefariki Septemba 2016.

Kanuni ya sehemu tatu kwa tano bado ipo Springfield. Baraza la Wawakilishi sasa lina wabunge 118, kwa hiyo zilihitajika kura 71. Nilimwonyesha shangazi matokeo ya siku ile kwenye simu: 72 dhidi ya 45. Alivaa miwani, akayasoma mwenyewe, akahesabu kwa vidole.

"Imezidi moja," akasema. Kisha akaniuliza kama wale 7 waliogoma kula kuna aliyekuwa hai akaiona.